Mizigo Isiyokuwa na Matanga



Yeyote apitaye katika mitaa ya Kariakoo kabla ya jua kupanda amewaona wachukuzi wakishusha na kupakia malori. Mmoja huinama, wawili humtwika robota la mitumba au gunia la viazi, naye hushika njia katikati ya watu huku akipiga kelele apishwe. Afikapo dukani hapati nafuu mara moja. Husimama, shingo imekaza, akingoja mtu wa kumtua. Hawezi kulitupa robota chini, kwa kuwa mali ni ya mtu na shingo ni yake. Lugha yetu ililitambua jambo hili zamani, ikaweka kitenzi cha kutwika na kitenzi cha kutua, na kwa mizigo iliyo mizito kweli vyote viwili vinadai mtu wa pili. Mama atokaye kuni, akifika uani, huita, "Nitueni!"

Tumeanza na habari hii kwa sababu katika miaka hii yetu ushauri wa aina moja umeenea kupita kiasi. Mjane anaambiwa, "Achilia." Kijana aliyedhulumiwa mshahara anaambiwa, "Sahau, songa mbele." Mama aliyetelekezwa na mumewe anaambiwa kwamba machozi yake yanazuia baraka. Maneno haya husemwa redioni, katika vikao vya ndoa, misibani na hata mimbarini. Hatusemi kwamba ni maneno mabaya, maana mtu kweli aweza kuzeeka na mzigo wake kichwani mpaka akasahau kutazama juu. Lakini yanasemwa kana kwamba aliyeumia ameushikilia mzigo kwa kuupenda, na kwamba akitaka tu atafungua mkono nao uanguke. Sisi tunaona vinginevyo. Mzigo wa moyo hauondoki kwa amri. Hutuliwa, na atuaye ni mwingine akishirikiana na mwenye mzigo. Na pale ambapo mzigo uliwekwa kwa dhuluma, haki ni sehemu ya kuutua.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesema "achilia" upesi, mara nyingi amekwisha kulipima kanda kwa macho tu.

Tuutazame msiba kwanza, kwa kuwa hapo watu wetu wana hekima kubwa ambayo hatuipi heshima yake. Mtu akifariki Kariakoo, Gerezani au Ilala, kabla ya saa mbili kupita turubai limekwisha kufungwa barabarani, viti vya kukodi vimeshushwa, na mikeka imetandikwa ndani. Wanawake huja na kanga zao, wengine hulala hapo hapo. Mtu mmoja hukabidhiwa daftari la rambirambi. Wanaume hukaa nje wakizungumza mpira na siasa, jambo ambalo wageni huliona kuwa ni kukosa adabu, kumbe ni namna ya kumlinda mfiwa asiachwe peke yake na ukimya. Mfiwa hapiki, hafagii, hapokei wageni. Kazi zake zote zimechukuliwa. Aulizwapo ilikuwaje, husimulia. Akija mgeni mwingine, husimulia tena, na kwa kusimulia mara ishirini maneno yaliyokuwa yakimkaba koo huanza kutoka bila kumchana. Kisha, siku ya tatu au ya saba, kwa kadiri ya desturi ya kila kabila na dini, matanga huanuliwa, na wengine hungoja arobaini. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mfiwa haanui matanga peke yake. Waliotandika ndio wakunjao.

Katika mtaa wenye majirani Waislamu na Wakristo, mkeka huu ni mmoja. Hilo nalo ni jambo la amani ambalo halijaandikwa katika mkataba wowote, nalo limedumu.

Maandiko Matakatifu yanakubaliana na desturi hii. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtaka mtu amlilie marehemu wake kwa uchungu na kumpa maombolezo anayostahili, kisha akubali kufarijiwa, asiutoe moyo wake kwa huzuni hadi mwisho. Anaviweka vyote viwili, na kwa mpangilio huo: kilio kwanza, faraja baadaye. Wengi wa washauri wetu wa leo wanataka kuanzia katikati ya sura.

Tena mji wenyewe unazidi kuyafupisha matanga. Mwenye fremu adai kodi yake iwe umefiwa au hukufiwa. Wateja hawangoji. Mtu huzika Jumanne, Jumatano yuko dukani akipima kitambaa, na jirani humsifu kwamba amejikaza. Sifa hiyo tunaiogopa, hasa inapotolewa kwa wanaume, ambao tangu utotoni huambiwa kwamba mwanamume halii. Wengi wao tumewakuta baadaye kwenye pombe, au katika hasira zinazowaangukia watoto.

Lakini kifo, pamoja na uchungu wake, kina matanga. Tunalotaka Tume na viongozi wa walei walifikirie ni ile mizigo isiyokuwa nayo.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Bidhaa zilizoteketea zilikuwa mitaji ya watu, ada za shule, na fedha za upatu ambazo mwenye zamu alikuwa hajazipokea. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2021, wamachinga waliondolewa kando ya barabara za jiji. Hatubishani hapa na mpango wa jiji. Njia ni ya wapitao kwa miguu pia, na mwenye duka alipaye kodi naye ana neno lake. Tunauliza tu: ni nani aliyetandika mkeka nyumbani kwa mtu aliyerudi jioni bila meza yake? Hapakuwa na turubai wala daftari. Aliambiwa avumilie, na kwamba Mungu atampa pengine. Baada ya wiki mbili kila mtu alitegemea awe amekwisha kusahau.

Hali kadhalika deni. Wasomaji wetu wanaifahamu mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo humdhalilisha mdaiwa kwa kuwatumia ujumbe watu wote walio katika simu yake: mkwe, mwajiri, mwenyekiti wa jumuiya. Mama mwenye deni la namna hiyo huacha kuja jumuiya, nasi husema amepoa kiimani. Hajapoa. Anaona haya. Na aibu, tofauti na huzuni, humfukuza mtu mbali na wale wale ambao wangemtua.

Tuongeze jambo moja ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona. Mwanamke ambaye mimba yake imetoka, au aliyejifungua mtoto mfu, mara nyingi huambiwa na watu wenye nia njema kwamba atapata mwingine. Mtoto hana jina midomoni mwa watu, na mara nyingi mama hajui hata alipozikwa. Baba hatajwi kabisa. Tunawasihi wakatekista na viongozi wa jumuiya wasione kuwa ni jambo dogo kwenda kuketi katika nyumba hiyo.

Labda hatupaswi kushangaa kwamba mambo haya hutukia hapa, kwa kuwa jina lenyewe la Kariakoo ni jina la mzigo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, waliligeuza eneo hili kuwa kambi ya jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, na ndimi za Waswahili zikalifanya neno hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao bila hiari, wakabebeshwa risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, wakapita katika mabonde ya Rufiji na kusini hadi Msumbiji. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao hesabu yao ni ya kukisia. Mnara wa Askari, katika barabara ambayo leo inaitwa Samora, uliwekwa mwaka 1927; juu yake amesimama askari mwenye bunduki, si mpagazi mwenye ngata. Ilipita zaidi ya miaka 100 tangu vita ile ianze ndipo, Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilipotoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi.

Kuna atakayeuliza: radhi ya mwaka 2021 inamtua nani, ikiwa wajane wa watu hao wamekwisha kufa? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba ukweli ukichelewa unapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuponya, na hiyo ndiyo sababu ya kutouchelewesha pale ambapo wahusika wangali hai.

Hapa tunafika kwenye methali ambayo hutumiwa sana kufunga vinywa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hatuikatai methali hii. Kati ya ndugu wawili waliokwisha kuombana msamaha ni neno tamu. Lakini tunaisikia zaidi midomoni mwa mwenye kudaiwa kuliko ya mwenye kudai. Mwajiri aliyekula mshahara anaipenda sana. Yaliyopita bila kugangwa ndiyo ndwele yenyewe, na hayajapita, yamelala tu.

Mkristo anao wajibu wa kusamehe, nasi hatuna mamlaka ya kuupunguza. Lakini kusamehe si kufuta madai. Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku nne baadaye, kutoka kitandani hospitalini, alitangaza kumsamehe aliyempiga, na mwezi Desemba 1983 alimfuata gerezani mjini Roma, wakaketi wawili na kuzungumza. Msamaha ulikuwa wa kweli. Na mtu yule aliendelea na kifungo chake mpaka Italia ilipompa msamaha wa serikali mwaka 2000. Papa huyo huyo, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani wa mwaka 1997, alifundisha kwamba msamaha hauondoi haja ya kuutafuta ukweli, bali unaudai. Basi mama anayeifuata haki ya mtoto wake polisi na mahakamani asiambiwe na mtu yeyote kwamba hajasamehe. Anaweza kuwa amesamehe kuliko anayemwambia.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Wengine walikuwa chini ya kifusi wakiwasiliana na jamaa zao kwa simu. Katika siku zile jiji lilifanya yaliyo mema: vijana walichimba kwa mikono, watu walitoa damu, waliookolewa walipokelewa kwa machozi ya furaha. Serikali iliunda tume ya kuchunguza majengo ya Kariakoo. Wafiwa wa tukio kama hilo wana mizigo miwili. Wa kwanza ni majonzi, na huo matanga yanausaidia. Wa pili ni swali: kwa nini? Nani aliruhusu? Nani alichimba chini ya jengo lenye watu? Mzigo huu wa pili hautuliwi na kanga wala rambirambi. Hutuliwa na jibu la wazi, linalosomwa hadharani, na na hatua zinazoonekana. Anayewashauri wafiwa waache kuuliza ili wapate amani anawaambia wakae na robota kichwani na kuliita kofia.

Tusiishie kwa wengine. Ipo mizigo ambayo hakuna aliyetutwika, tumejitwika. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia katika sura ya 6, anataka tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Wengine wameona kwamba anajipinga. Sisi tunadhani aliwajua watu. Kinyongo ni furushi la mwenyewe.

Chukueni mfano wa nyumba za urithi, ambao kila mkazi wa Kariakoo anaujua. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyojengwa na babu, kiwanja chake kikatakiwa na mjenzi wa maghorofa kwa fedha ambazo babu hakuwahi kuziota. Nyumba iliuzwa, mgawo haukuwa sawa, au ulikuwa sawa na mmoja hakuridhika. Miaka kumi na mitano sasa ndugu wa tumbo moja hawapeani mkono wa amani katika Misa moja. Aliyepunjwa kweli ana haki ya kwenda mahakamani, na tunamshauri aende. Lakini wapo ambao kesi ilikwisha, fedha zilikwisha, hata ghorofa lenyewe limekwisha kubadili mwenye, na kinyongo kingali kipya. Huyo hana tena anachokidai. Anachokitunza ni maumivu yenyewe, kwa kuwa amekaa nayo muda mrefu akadhani ndiyo yeye. Kwa mtu wa namna hii neno "achilia" ni neno la haki kabisa, lisemwe tu na mtu aliyekwisha kumsikiliza. Na kwa yule aliyepunja, anayelemewa na hatia, Kanisa halina njia ya mkato: pamoja na Kitubio, kilichochukuliwa kirudishwe.

Basi tufanyeje? Hatupendekezi kamati mpya, zimetosha. Tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji tangu mwaka 1976, nazo hukutana kila juma katika nyumba za watu. Jumuiya inayojua kutandika mkeka kwa ajili ya kifo yaweza kuutandika kwa ajili ya aliyefukuzwa kazi, aliyeunguliwa na bidhaa, aliyepoteza mimba, aliyeachwa. Jioni mbili au tatu zatosha. Watu waje, wakae, mmoja apike, mwenye mzigo asimulie akitaka na anyamaze akitaka. Daftari lipite. Siku ya mwisho mkeka ukunjwe na waliokuja, ili naye ajue kwamba kesho wanamtegemea aamke na kuendelea, na kwamba wakimwona barabarani watamwuliza hali.

Yanayosemwa mkekani yabaki mkekani. Jumuiya ambayo siri zake hufika sokoni kabla ya saa nne asubuhi isianze kazi hii kabisa, itawaumiza watu.

Tena kuna mizigo ambayo mkeka hautoshi. Mtu asiyelala majuma kwa majuma, anayesema kwamba heri asingekuwapo, anayesikia sauti, apelekwe hospitali, na mtu amsindikize, kama vile angesindikizwa mwenye malaria kali. Muhimbili wapo madaktari wa magonjwa ya akili. Jina la Mirembe limefanywa tusi katika mji huu, na wazazi wanaolitumia kama mzaha mbele ya watoto wanawafundisha kuficha. Na mficha maradhi, wajuavyo wote, kifo humwumbua. Wale wanaouza maji na mafuta kwa ahadi kwamba mzigo utashuka usiku mmoja, na wanaomwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, hao tunawapinga bila kumung'unya maneno.

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na bahasha za nia za Misa huletwa ofisini zikiwa na majina. Tunaziomba jumuiya za Kariakoo, Gerezani na Ilala ziongeze bahasha moja ya pamoja, ya wapagazi waliopita katika kambi hii kati ya mwaka 1916 na 1918. Ambaye katika ukoo wake kuna simulizi la babu aliyechukuliwa asirudi, aandike jina kama lipo. Kama jina halikumbukwi, aandike kijiji alikotoka.